Mgeni Aliyelala Juu ya Maji

Datius wa Nshambya alikuwa na makochi ya maua na luninga pana kama mlango, lakini akaona nyumba haijakamilika mpaka iwe na samaki wasioliwa. Akanunua tangi la kioo. Jumamosi akaenda upande wa Muleba, akajaza madumu sita ya maji ya ziwa, akanasa furu wanane wa buluu na wekundu, akarudi nao kiti cha mbele kama maharusi. Mkewe alikaa nyuma na madumu.

Siku ya tatu maji yakafanya utando juu. Mwembamba, wa rangi rangi, kama mafuta ya mchuzi uliopoa.

"Elieth!" Kokugonza akamwita binti yao. "Umewapa samaki senene wa kukaanga?"

"Mmoja tu, mama."

"Mmoja?"

"Na mwenzake."

Wakacheka. Elieth alikuwa na miaka sita na pumu, na nyumba nzima iliishi kwa kusikiliza kifua chake. Hata kuni walishaacha kwa ajili yake.

Fundi aliyewauzia tangi akasema kwa simu wasihangaike, tangi jipya lina tabia hiyo. Walaze tishu juu ya maji, wainue, utando utatoka nayo. Kisha wasogeze bomba la hewa juu, mapovu yaupasue. Datius akalaza tishu, akainua. Maji meupe! Akajipigia makofi. Alipogeuka kutafuta pa kuitupa, utando ulikuwa umesharudi. Akalaza ya pili, na hiyo ikatoka na alama ya midomo.

"Samaki huyo," Datius akasema.

"Samaki gani ana midomo ya mtu mzima?"

Ya tatu ilitoka na midomo na pua. Ya nne hawakuilaza.

Mapovu yalipanda kutoka kwenye bomba yakafika chini ya utando, yakakaa hapo, hayakupasuka. Sebule ikajaa harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni. Furu wote wanane wakapanda juu, wakawa wanagusa utando kwa midomo yao, pwa, pwa, pwa, na pale kwenye kochi Elieth akaanza kufumbua mdomo pamoja nao.

Kokugonza akampa dawa yake ya kuvuta. Haikusaidia.

"Baba Elieth," akanong'ona, "haya maji uliyachota wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa lina upana."

"Kwenye ile ghuba yenye jiwe. Wavuvi wakaniambia nidondoshe emmwani kwanza, nimsalimie mwenye maji. Mtu nina digrii yangu, nisimame natupia maji kahawa za kutafuna!"

Sasa, huyo Kokugonza alilelewa kwa adabu mpaka ikapitiliza. Ni yeye aliyewahi kumwomba radhi kuku kabla ya kumchinja. Kusikia mumewe kachota kwa mtu bila salamu, aibu ikamzidi hofu. Akachukua kikapu kidogo cha emmwani, kile cha kupokelea wageni, akapiga magoti mbele ya tangi na kudondosha punje tatu kwa mikono miwili.

"Karibu, waitu," akasema, kwa neno la kumheshimu mkubwa. "Utusamehe hatukukupokea."

Kahawa hazikuzama. Utando ukabonyea katikati kama godoro linapokaliwa, kisha ukafurika ukingoni.

Ilikuwa saa saba mchana, jua liko wima, na utando ukashuka kwenye kioo, ukapita sakafuni, ukapanda kuta, ukaziba madirisha moja baada ya jingine mpaka mwanga ukawa wa rangi rangi kama anaouona mtu aliye chini ya maji, na Datius akavuta mlango wa mbele, akavuta wa nyuma, akaupiga teke, na maji ya baraka aliyorusha mkewe yakasimama matone matone juu ya utando bila kupenya, na watatu wote wakajikuta wamesimama juu ya makochi, nyuso zimeelekea dari, wakitafuta hewa kwa midomo.

Simu peke yake ilitoka. Mzee Burhani, msomaji wa dua wa Miembeni, akaja kwa mlango wa nyuma ili kina mama wa jumuiya wasimwone. Walimwona wote. Mlango ulimfungukia, alipoingia ukajifunga.

"Na mimi mmeniponza," akasema. Akasoma mpaka sauti ikakauka. Utando ukatetemeka, haukuondoka. "Mmempa nini huyu?"

"Kahawa," Kokugonza akajibu.

"Kule ziwani?"

"Hapa. Nikamkaribisha."

Mzee akafunga kitabu. "Mama, kule ungekuwa umepiga hodi. Hapa umemweka kitini. Mimi hufukuza mvamizi. Mgeni wako muage mwenyewe, umsindikize. Harakisha, mtoto anaishiwa."

Midomo ya Elieth ilikuwa imeiva zambarau. Kokugonza akapiga magoti tena.

"Waitu, jua linakwenda, na wa kwako wanakungoja. Simama nikusindikize."

Utando ukajikunja, ukarudi tangini polepole, kama mtu aliyeshiba. Mlango ukaachia.

Wakayarudisha maji na furu kwenye madumu, wakamwacha Elieth na Mzee Burhani, wakaenda mbio hadi Muleba. Kwenye ghuba yenye jiwe Datius hakushuka. Digrii yake ilibaki garini naye. Akamwona mkewe akimimina dumu moja moja, akipiga magoti, akiitikia kwa kichwa.

Wakiwa njiani kurudi simu ikalia. "Mama," Elieth akasema, sauti safi kabisa, "babu huyu hajui kupika chai."

Datius akacheka mpaka machozi. "Basi kaondoka!"

"Ameondoka vizuri," Kokugonza akasema. "Ameshukuru. Akasema na sisi tumtembelee."

"Ukanyamaza."

"Mtu anakualika kwake, wewe unanyamaza? Nikamwitikia kwamba tutakuja."

Datius akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya barabara.

"Lakini ni muungwana," akasema mkewe, akijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Amesema sisi watu wazima tuna shughuli nyingi, tusijisumbue. Tumtume mtoto tu."