Nyota Iliyopumua

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine. Mama Mabango alifua, akaanika, kisha akawasha kompyuta sebuleni huku mama mkwe wake akiosha vyombo jikoni. Jina la Mabango alipewa na wateja wa duka la uchapaji alikofanya kazi. Kusafisha picha kwenye kompyuta kwake kulikuwa kama kunywa maji.

Ila picha ya siku hiyo ilikuwa imepigwa na marehemu mumewe. Alikuwa fundi wa majokofu mwenye wazimu mmoja tu: kupanda juu ya paa na darubini yake, kupiga picha mawingu ya nyota za mbali. Pumu ilimchukua miezi miwili iliyopita. Wenzake wa chama cha wapenda nyota waliomba picha moja ya kutundika ukutani. Asubuhi, Mama Mabango alikuwa amevuta sanduku la darubini kutoka chini ya kitanda cha mama mkwe, akachomoa kadi kwenye kamera iliyofungwa kwenye darubini, kisha akalirudisha.

Aliziunganisha picha zote za kadi hiyo, zilizorudia anga lile lile, zikawa moja. Kila nyota ilikuwa na duara la mwanga wa buluu, kama taa kwenye ukungu. Akafanya kama alivyofundishwa: akazitenga nyota, akapunguza buluu, akayabana maduara polepole. Moja baada ya nyingine, nyota zikabaki nukta safi.

Isipokuwa ile kubwa ya katikati. Alilibana duara lake. Likarudi. Akalibana tena. Likarudi, pana zaidi.

Akamkumbuka mumewe kule juu ya paa, akimgombeza kwa utani: "Geuza mdomo, mke wangu! Ukikipumulia kioo cha darubini, nyota zinavaa maduara."

Akazifungua picha mojamoja, harakaharaka. Duara lilivimba. Likanywea. Likavimba. Likanywea.

Kuna aliyekuwa akikipumulia kile kioo.

Akaangalia tarehe. Picha themanini za mwisho zilipigwa baada ya mazishi. Ya mwisho kabisa, alfajiri ya leo. Na betri ya kamera aliitoa yeye mwenyewe siku ya msiba, akaifungia kabatini.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Mama mkwe alikuja akijifuta mikono. Akatazama. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha mkwewe zaidi.

"Usimfute, mwanangu," alinong'ona. "Kila alfajiri namsikia chini ya kitanda. Siku hizi anapumua taratibu. Amepona."

Mama Mabango akaigeukia skrini. Yeye ndiye aliyemuuguza. Alizijua pumzi za mumewe: fupi, za kukimbizana, zenye mluzi ndani yake. Akahesabu. Kila picha ilichukua dakika mbili. Duara lilivimba kwa picha tano, likanywea kwa picha tano.

Pumzi moja, dakika ishirini.

"Mama. Huyu si mwanao."

Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Akaingia chumbani kwake na kujifungia. Mama Mabango aligonga. Akasihi. Akapiga magoti. Ndani kulisikika sanduku likiburutwa. Kifungio kimoja kikafyatuka. Kisha cha pili.

Kisha pumzi ikavutwa. Ndefu. Ndefu mno. Pazia la sebuleni likainuka lenyewe, likanyooka kuelekea mlango ule.

Ikakoma. Pazia likaanguka.

Jirani yao, seremala, alikuja mbio kwa mayowe ya Mama Mabango, akauvunja mlango kwa bega. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, ameikumbatia darubini, midomo yake imegusa kioo. Alikuwa ameshakata roho. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mama aliyemlaza mtoto.

Waliitoa darubini mikononi mwake kwa taabu. Kioo kilikuwa kimefunikwa na ukungu. Seremala, kwa kukosa la kufanya, akakipangusa kwa shati lake. Akapangusa tena. Kisha akaiweka chini taratibu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada," alisema, "huu ukungu uko upande wa ndani. Na kioo ni cha moto."