Mpangaji wa Pafu la Kulia

Mwenye roho nyepesi akaanike nguo, sisi wengine tubaki.

Nusukaputi alikuwa daktari wa usingizi ambaye hajatokea mwingine kama yeye chini ya jua. Angeweza kumlaza tembo huku tembo anakimbia, na tembo akaota ndoto nzuri. Wagonjwa walianza kusinzia wakiona tu kivuli chake mlangoni. Lakini asubuhi ile aliyelala mezani alikuwa shemeji yake, fundi cherehani, kaka wa pekee wa mkewe, ana uvimbe kwenye pafu la kulia, na Nusukaputi hakuwa na mzaha hata wa kuazima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kooni kwa shemeji ulipitishwa mpira wenye njia mbili, kila pafu na njia yake. La kushoto linapumuliwa na mashine. La kulia linakatiwa hewa, mdomo wa njia yake unaachwa wazi, pafu linanywea kama puto la juzi, na mpasuaji anapata nafasi ya kukata. Nusukaputi alishafanya hivyo mara nyingi kuliko nywele zake, ingawa, tuseme kweli, alikuwa na upara.

"Pafu lako halijalala," mpasuaji akasema.

Nusukaputi akakagua. Mpira uko mahali pake, hewa imekatwa. Akachungulia juu ya pazia lililomtenga na mpasuaji. Pafu lilikuwa linapanda na kushuka, taratibu, wala si kwa mwendo wa mashine. Mashine inasema fyuu, pafu linangoja, halafu linajivutia lake. Na kwenye ule mdomo ulio wazi ikatoka harufu ya nyumba iliyofungwa miaka: udongo mbichi, popo, majivu yaliyolowa.

Mpasuaji akaeleza bila kuinua macho kwamba pafu likicheza hivyo hawezi kukata karibu na mshipa ule mkubwa. Ama lilale, ama afunge kifua na uvimbe ubaki humo humo. Wote walijua uvimbe ukibaki shemeji hafiki mbali.

Nusukaputi akainama kwenye mpira. Ndipo aliposikia sauti nyembamba, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Mlihama. Nimeingia."

Kila mtu anajua majini hupenda mahame, nyumba zilizoachwa na wenyewe, lakini yeye miaka yote alikuwa akihamisha hewa vifuani mwa watu na kuacha mlango wazi, akijisifu kwa kazi safi, asijiulize hata siku moja ni nani anayepita nje akitafuta pa kulala.

"Toka," akanong'ona.

"Niende wapi? Nipe pengine."

Muuguzi wa vifaa, aliyeitwa Dada Mkasi kwa kuwa ulimi wake ulikata hata bati, akamtazama. "Kaka, unaongea na nani?"

"Na mpira."

"Basi uambie ufanye haraka."

Nusukaputi alikuwa na desturi yake. Kila aliposimamisha mashine, alibana na pumzi yake mwenyewe, ili kifua chake kikianza kuwaka ajue mgonjwa naye amechoka. Kwa hiyo kukaa bila hewa hakukumtisha. Akashusha barakoa, akasogeza mdomo karibu na mpira, akatoa pumzi, akatoa na ile ya chini yake, akatoa mpaka mbavu zikagusana na hakukubaki kitu, akakaa hivyo mtupu akifikiria mkewe aliyekuwa nyumbani anangoja simu, na kitu cha baridi kikapita juu ya ulimi wake taratibu, kama mgeni anayevua viatu kwanza.

Pafu la shemeji likanywea.

"Hapo sawa," mpasuaji akasema, akakata.

Uvimbe ulipotoka, mpasuaji akaomba mashine isimame kidogo afunge uzi mahali pagumu. Nusukaputi akaisimamisha, akabana pumzi, akangoja kifua kiwake. Hakikuwaka. Kipimo cha oksijeni kikaanza kushuka sauti kadiri hewa ya shemeji ilivyopungua, ti, ti, kikawa to, kikawa tu, naye akakisikia kama redio ya jirani, maana kifua chake kilimwambia bado, muda upo, tulia.

Dada Mkasi akamshika mkono. "Kaka. Midomo ya shemeji yako."

Akawasha mashine. Sauti ikapanda tena, polepole.

Shemeji alipozinduka aliuliza nani amemshona, maana anahisi mshono umekwenda kombo. Wote wakacheka. Nusukaputi alingoja kicheko chake kije, hakikuja.

Nyumbani mkewe alimkumbatia, akalaza kichwa kifuani pake, akalia kwa shukrani. Halafu akasogeza sikio upande wa kulia. Akasikiliza.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ya chini, "huku kulia nani anapumua?"

Nusukaputi alijitafuta ndani aone kama ana hofu, au hata maumivu. Hapakuwa na kitu. Harufu ya majivu yaliyolowa ikapita kati yao.

"Kaka yako amepona," akamjibu. "Egemea kushoto."