Waridi Juu ya Shimo Tupu

"Elfu arobaini iliyobaki, mama, na sitoki hapa bila hela yangu," alifoka mtunza bustani. "Nusu kabla, nusu baada, ndivyo tulivyopatana."

Mshonaji hakuinua macho kwenye cherehani. "Niambie tena ulivyomzika mbwa wangu."

"Shuka, shimo refu, mbwa ndani, mche wa waridi juu. Mtaa mzima unaijua kazi yangu."

Uongo mkavu. Udongo wa uani kwa mama ulikuwa wa mawe, na huyu bwana jasho lake hulitoa kwa kijiko. Alichomeka mche, furushi akalitupa jalalani. Ndivyo alivyowafanyia wengi: watu wazima wakalia na kumwagilia maua, chini hakuna paka wala mbwa.

Cherehani ikanyamaza.

"Twende ukanionyeshe."

Jua lilikuwa linazama. Uani, waridi la siku nne lilikuwa limemzidi mtu kimo, limechanua maua mekundu tupu... na halikunukia waridi. Lilinuka mbwa aliyelowa mvua.

"Mizizi imemtafuta mbwa wake, haikumpata," mama alinong'ona. "Nikaiambia ivumilie. Aliyeipanda atakuja mwenyewe kudai."

"Mama, nitishe kwa kingine. Lete hela niend..."

Krr. Krr. Krr.

Kitu kilikwaruza chini ya ardhi.

Akataka kurudi nyuma. Mguu ukagoma. Mzizi mwembamba kama uzi ulikuwa umemzunguka kifundo. Ukaja wa pili. Ilimvuta taratibu, kwa mchezo, kama mbwa anavyovuta kiatu.

Udongo ukafika magotini.

"Nimekosa, mama yangu. Najua nilipomtupa. Naenda kumleta sasa hivi."

"Nimetoka huko asubuhi. Nimekuta shuka tupu."

Ng'ambo ya ua nako... krr. Na nyumba ya tatu. Kisha sauti ya mwalimu, jirani aliyefiwa na paka, ikapenya kwenye majani, ya upole kabisa:

"Shoga, usimmalize peke yako. Na mimi namdai."

"Utasubiri, mwenzangu. Mimi nilitangulia."

Mtunza bustani alijaribu kupiga kelele. Mdomo ulijaa harufu ile.

"Baki na hela yote," alikoroma. "Nakurudishia hata ile nusu."

Mama aliketi kwenye ngazi, akakunja mikono mapajani. Macho yake yalikuwa makavu.

"Sikukudai hela. Nilikulipa ili mwili uingie humo. Nataka mwili."