Mwandiko Kando ya Alama Zangu

Nilitoka kununua sabuni tu. Jua lilikuwa linazama, nikafunga mlango kwa ufunguo. Ndivyo nilivyo, simwamini mtu. Mimi ni fundi cherehani. Hata uzi ukiniletea, nitauvuta kwanza ndipo niupokee.

Ndani nilimwacha mama peke yake. Saratani ilimmaliza hadi mkono ukashindwa kushika kijiko. Hospitali walisema hakuna tena cha kutibu, ila maumivu yanaweza kutulizwa. Wakatupa muuguzi wa tiba shufaa, mama mmoja mpole mwenye mkoba mweusi, anayekuja nyumbani mara moja kwa wiki. Alituachia chupa ya mofini, dawa ya maji chungu kama shubiri, pamoja na daftari. Kila baada ya saa nne nimnyweshe mama kipimo kimoja, kisha nipige alama ya vema.

Aliyenitia wasiwasi ni shangazi, dada wa marehemu baba.

“Kaulize mtaani,” alininong'oneza jikoni. “Kila nyumba anayoingia huyo na mkoba wake, mwezi hauishi turubai la msiba limesimama. Wachawi wa siku hizi hawapandi ungo, mwanangu. Wanavaa sare.”

Nilicheka. Kisha nikamkumbuka yule mwashi wa nyumba ya pili. Na yule mwalimu mstaafu. Wote aliwahudumia yeye, na wote tumewazika.

Lisemwalo lipo, nikajiambia. Nikaimwaga dawa yote kwenye sinki, nikajaza maji kwenye chupa. Sikumwambia mtu, hata shangazi mwenyewe.

Siku tatu mama alikunywa maji, nami nikapiga alama zangu. Siku tatu aliuma shuka kwa maumivu. Nikajipa moyo kwamba ni uchawi unamtoka. Leo nikilisema hilo naona aibu hadi kwenye mifupa.

Basi nikarudi na sabuni yangu. Nikafungua mlango. Nikasimama.

Harufu ya udongo uliolowa... na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi.

Kutoka chumbani kwa mama ilisikika minong'ono. Sauti mbili.

Nikausukuma mlango.

Mama alikuwa peke yake. Kiti kilikuwa kimevutwa karibu na kitanda. Nikagusa mahali pa kukalia, pana joto.

“Ameondoka sasa hivi,” mama alisema.

“Nani?”

“Mwenzake muuguzi.”

Nyumba yetu ina mlango mmoja, na nilikuwa nimeingilia huohuo. Nikajua nimemnasa mchawi wangu. Nikachukua daftari niangalie kaacha nini. Kando ya kila alama yangu ya siku zile tatu palikuwa na neno moja, kwa wino wa bluu, kwa mwandiko ulionyooka.

Maji.

Maji.

Maji.

Nikampigia muuguzi simu kwa hasira. Alifika na pikipiki kabla giza halijashika vizuri.

“Umeingiaje humu?” nikamuuliza mlangoni.

“Dada, tangu saa nane niko kwa mgonjwa mwingine. Nimewaacha ndugu zake sasa hivi.”

“Basi umemtuma mwenzako!”

“Mtaa huu ninauhudumia peke yangu.”

Nikamsukumia daftari. Alilitazama, kisha akatoa kalamu na kuandika jina lake pembeni. Herufi zake zilikuwa zimelala, hazifanani na zile hata kidogo.

“Ni kweli?” aliuliza taratibu. “Ni maji?”

Nililia. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

“Sisi hatuleti kifo, dada,” alisema huku akifungua mkoba. “Tunakikuta kimeshakaa sebuleni. Kazi yetu ni kumwondolea mtu mateso. Kaa naye. Ongea naye. Usingoje kesho.”

Alimnywesha mama dawa ya kweli. Baada ya muda uso ukakunjuka. Nikamshika mkono, nikamwomba msamaha.

“Nilijua,” alisema. “Dawa ile ni chungu, na maji si machungu.”

“Mbona hukusema, mama?”

“Wewe ndiye uliyekuwa ukininywesha. Ningekukatalia vipi?” Akafumba macho. Kisha, kwa sauti ndogo... “Nilimwomba yule mgeni asikuandike. Akakataa.”

Alifariki kesho yake asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, bila kulia.

Mwaka haukuisha, shangazi naye akaugua. Ugonjwa uleule.

“Huyo mchawi wenu anakuja lini?” aliuliza mwenyewe, maumivu yalipomzidi.

Muuguzi akaja na chupa, na daftari jipya kabisa. Jioni ile ya kwanza nilipima dawa, nikaipeleka mdomoni kwa shangazi. Akanishika mkono.

“Onja wewe kwanza.”

Siri ile tuliijua watatu tu, na mmoja yuko kaburini. Muuguzi aliapa hajamwambia mtu.

“Nani kakwambia, shangazi?”

Akaelekeza kidevu kwenye kiti kando ya kitanda. Kilikuwa kitupu.

Nikagusa tone moja kwa ulimi. Chungu. Shangazi akanywa. Nikapiga alama yangu, nikaenda kusuuza kijiko.

Niliporudi, chumba kilinuka udongo uliolowa. Daftari lilikuwa wazi. Kando ya alama yangu palikuwa na neno moja, wino haujakauka.

Dawa.

Nikalifunga daftari. Sikugeuka kukitazama kile kiti.