Futikamba Uani kwa Ng'washi

Wewe uliiona. Usiniambie hukuiona. Ulipita Kiseke, pembezoni mwa Mwanza, asubuhi ile, ukaona X ya rangi nyekundu ukutani kwa Ng'washi, rangi bado inachuruzika, ukageuza uso ukatazama mawe ya mlimani kana kwamba yameota jana. Nyumba si yako. Mkuki kwa nguruwe. Basi leo kaa usikilize, kwa sababu binti aliyekuwa nyuma ya ukuta ule, amejiziba mdomo ili mama yake asimsikie akilia, alikuwa na jina, na kabla ya kuogopa alikuwa amependa.

Aliitwa Odeta. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, viwanda vikifungwa, mashirika yakinadiwa, na umeme wa Mwanza ukigawiwa kama nyama ya msibani. Odeta alikuwa fundi cherehani katika duka la Maniben, mjane wa Kihindi aliyezeeka akiuza vitambaa mjini. Mgao ulipozima mashine ya umeme, Odeta alihamia ile ya miguu akaendelea.

Alikutana na Mihayo huko Busisi, kwenye foleni ya kivuko. Malori yalikuwa yananguruma, wachuuzi wanapigana vikumbo na masinia ya samaki wa kukaanga. Odeta alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe alilojishonea, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na ubavuni furushi la magauni ya kwaya ambayo watu wa Geita wameyarudisha yapunguzwe urefu. Kitu chenye miguu mitatu kikamwegemea begani.

"Kaka, chombo chako kinanilalia."

"Samahani, dada. Kimechoka. Kimepanda mlima tangu asubuhi." Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la drafti na buti zilizojaa vumbi jekundu.

"Ni kamera?"

"Kinapimia mahali pa kusimamisha nguzo za umeme."

"Umeme upi? Huu unaotutembelea sikukuu kwa sikukuu?"

Mihayo akacheka mpaka mwenye mbuzi aliyekuwa mbele akageuka. Kivuko kilipoondoka walisimama ubavuni pamoja, upepo wa ziwa ukimpeperushia Odeta kola, naye kijana akamweleza kazi yake. Kanda nzima inanyonya mrija mmoja, alisema. Waya unatoka kusini, unapita Shinyanga, ukifika Mwanza umeme umechoka.

"Kwa hiyo tunalinganisha njia tatu. Ya kwanza, laini ya pili, sambamba na ya zamani, katikati ya nyumba za watu. Ya pili, kuacha nguzo zilezile, kuvua nyaya nyembamba na kuzivisha nene."

"Kama kutanua gauni bila kununua kitambaa."

"Na mshono ukikatika?"

"Bibi harusi anabaki uchi."

"Hiyo ndiyo hofu. Nguzo moja ikianguka, kanda yote giza. Ya tatu ni majenereta ufukweni. Ya haraka, lakini kila siku yanataka dizeli, na dizeli ina wenyewe."

"Wewe unapenda ipi?"

"Ya nne," Mihayo akasema, akaonyesha kidole ng'ambo. "Laini ya pili, ila izunguke nyuma ya mawe yale. Ni ndefu, na kupasua mwamba ni gharama. Lakini haipiti juu ya mtu. Nimeitembea kwa miguu."

Hapo ndipo Odeta alipomtazama vizuri.

Simu za dukani zikaanza. Maniben aliipokea kila mara, akainyanyua juu kama jogoo aliyenunuliwa. "Odeta, yule wa nguzo."

"Mwambie niko na mteja, mama."

"Mteja gani? Mimi?"

Kisha sauti ya Mihayo, nyuma ya mikwaruzo ya waya: "Ode wangu, umekula?"

"Nimekula moshi wa pasi ya mkaa. Umeme wako uko wapi?"

"Njiani."

"Njia ya ngapi?"

"Acha uchokozi. Nataka nije kwenu nimsalimie mama."

"Njoo na mshenga, baba. Usije na miguu mitatu."

Akaja na miguu mitatu.

Ilikuwa siku ya kazi, Odeta yuko mjini. Ng'washi, mama yake, alikuwa anafagia uani alipomwona kijana mrefu amesimama nje ya ua wa minyaa, chombo begani, futikamba mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba kupima kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

"Mihayo."

Uso wa mama ukafunguka. Jina hilo alikuwa akilisikia kila jioni. Akakumbuka jinsi wajumbe wa marehemu mume wake walivyoupima kwa hatua ua wa baba yake, ng'ombe wa mahari wasije wakakanyagana. Kumbe vijana wa siku hizi wanapima kwa futikamba. Hakuuliza zaidi, mama mkwe haulizi idadi ya ng'ombe. Alichukua panga, akafyeka minyaa ili kamba ipite, akashika ncha ya pili kwa mkono wake mwenyewe, kuanzia mlangoni, kupita kaburi la mumewe, hadi kwenye shimo la mbolea. Kisha akampikia wali na sato, kijana akala kidogo sana, na mama akaipenda haya ile.

"Amekuja," akamwambia Odeta jioni, anacheka peke yake. "Amepima mpaka kwa baba yako. Hao ng'ombe ni wengi, mwanangu."

Odeta alikuwa anavua viatu. Akakiacha kimoja mguuni.

"Alikuja na nani, mama?"

"Na kile chombo chake."

"Hakusema chochote?"

"Aseme nini, naye ana adabu?"

Odeta hakulala vizuri. Akajiambia atapiga simu asubuhi. Alipopiga, karani wa kampuni ya washauri iliyomwajiri Mihayo alisema mhandisi ameitwa Dar. Kesho yake, bado yuko Dar. Simu ya Maniben ikakaa mezani imenyamaza kama chura aliyekanyagwa. Odeta akaanza kusikia trekta la kubomolea nyumba katika kila lori lililopanda Kiseke. Alikuwa akishona anasimamisha mguu, anasikiliza.

Halafu ikaja X, alama ya nyumba ya kuvunjwa. Wapakaji hawakugonga mlango. Ng'washi aliisikia brashi ikikwaruza ukuta, alipotoka wakawa wamefika kwa jirani.

Nikukumbushe, wewe unayesahau upesi. Mwaka wa sabini na nne watu hawa walikwisha kuhamishwa. "Walikuja na lori," Ng'washi akamwambia binti yake, ameketi kando ya kaburi, kanga imemteleza kichwani. "Baba yako aliezua nyumba yetu kwa mikono yake, mgambo wamesimama. Walisema ni maendeleo. Safari hii wamekuja na rangi. Na kamba nimewashikia mimi."

Jirani yao Malimi alipita ukutani, akasema kwa sauti ya chini, "Tunyamaze, shemeji. Wanaouliza ndio wanaovunjiwa kwanza." Hakusimama hata kusubiri jibu.

Mchana huo simu ikalia dukani.

"Odeta, nimerudi. Nisikilize."

"Ulikula wali wa mama yangu."

"Ode..."

"Kaburi la baba yangu uliliona?"

Waya ukakwaruza. "Nililiona."

Odeta akakata.

Mihayo akaja dukani mwenyewe, jasho limelowesha shati lote la drafti mgongoni. Maniben alichukua mkasi wa kukatia vitambaa, akakaa nao mapajani. "Simama mlangoni hapo. Sema, halafu nitaamua kama unaingia."

"Nilitumwa kupima nyumba za njia ya kwanza, kwa ajili ya kulinganisha tu," alisema. "Sikujua ni kwenu mpaka nilipofika mlangoni nikaona picha yako ukutani. Mama akanishikia kamba. Nikashindwa kumwambia."

"Ulishindwa, au uliogopa?"

"Niliogopa. Nilidhani njia ya nne itashinda, na wewe hutajua kamwe kwamba nilikuja."

"Nayo imeshinda?"

"Shimba ameifuta." Shimba alikuwa mkuu wake katika kampuni ile ya washauri. "Kesho kwenye mkutano wa kata atasoma tatu tu. Rangi si uamuzi, Ode. Uamuzi bado. Rangi imepakwa ili watu waone yamekwisha wasije. Benchi zikiwa tupu, ataandika kwamba wakazi wameridhia."

Odeta akainuka kwenye mashine. "Kwa hiyo mama yangu anavunjiwa kwa sababu watu wamekaa kimya."

"Mimi wa kwanza."

"Na kesho?"

"Nitasimama niitaje. Nitasema ipo njia ya nne na nimeitembea. Kazi itakuwa imekwisha hapo hapo."

Odeta akamtazama Maniben. Maniben akaweka mkasi mezani. "Mpe maji," akasema. "Mtu anayekwenda kufukuzwa kazi asiende na kiu."

Kabla jua halijazama Mihayo alifika Kiseke mikono mitupu, pembeni yake mjomba wake, Mzee Masele, mwenye koti na fimbo. Ng'washi hakuinuka.

"Safari hii unapima nini?"

"Nimekuja kupimwa mimi, mama."

Mzee Masele akaeleza alilotumwa: kijana wao anaomba mke. Ng'washi akasikiliza mpaka mwisho, akiangalia minyaa iliyofyekwa, utomvu wake umeshakaukia kwenye vishina.

"Ng'ombe wenu nitawasimamisha wapi?" akauliza. "Barabarani?"

Mzee Masele akaitazama X ukutani.

"Binti nitamtoa. Lakini ua uokolewe kwanza. Kesho nikuone umesimama."

Asubuhi wakaenda ofisi ya kata, Odeta katika gauni lake la bluu, mama na kanga mpya, Mihayo katikati yao, Mzee Masele nyuma na fimbo yake. Njiani Odeta aliwagongea majirani wote wenye X. Milango ilifunguka kidogo ikafungwa. Malimi alisema anaumwa mguu.

Ukumbini benchi zilikuwa zimepangwa vizuri, zimepanguswa, tupu. Bwana Shimba alikuwa mbele na ramani yake, anafunua kofia ya kalamu.

"Hawa ndio wakazi?" akauliza. "Mihayo, wewe unakaa upande gani?"

Mihayo akaketi karibu na Odeta. Akamshika mkono. Dirishani watu walikuwa wanapita kwenda kazini. Wanaona ndani, halafu wanatazama mawe.

"Tuanze," Shimba akasema.

Mihayo akainuka.

Unamwona? Yuko peke yake, sauti bado haijatoka, na wewe ndiye uliye dirishani. Mlango uko wazi. Kesho watapaka ukuta wako, nao watageuza uso kama wewe. Weka chini unachosoma. Ingia sasa hivi, ukae kwenye benchi.