Alipiga Kabla Sentensi Haijaisha

Jamani, hii mtasema nimeitunga, ila Rahaleo nzima iliona kwa macho, mwaka 2007!

Mwasiti alikuwa sokoni Mtwara, gauni la kijani, mtandio mweupe, marashi yananukia mpaka kwenye samaki. Kibaka akamkwapulia simu. Yusufu muuza nyama akaruka meza ya bucha na aproni yake ya damu, akamkamata, akampiga mpaka pua ikapinda.

"Simu yako hii, mrembo."

"Asante kaka. Mbona unatisha hivyo?"

"Kwako mimi maini, laini kabisa."

Mwasiti akacheka. Mapenzi yakaanza hapohapo.

Sasa, Mwasiti alikuwa anasoma Kijapani, apate kazi ya kutembeza wageni Mikindani. Kila jioni anapiga simu: "Baby, 'suki' ndo kupenda. Yusufu-san ga suki desu, yaani nampenda Yusufu!" Jamaa akakariri neno hilo moja tu.

Siku moja kaja kumchukua, kasimama dirishani mwa darasa. Ndani, Ismaili, mwanafunzi mwenzake mwenye utani, kamuuliza Mwasiti kwa Kijapani kama anampenda. Darasa linacheka. Mwalimu kasema, jibu sentensi nzima.

"Ismaili-san ga suki..."

Yusufu hakungoja! Teke la mlango, kamvaa Ismaili, ngumi, kiti, ngumi tena. Meno mawili chini, damu kwenye madaftari. Mwasiti kuingilia, akarushwa ukutani, mkono ukalia ko!

"Unampenda huyu mbele yangu?"

"Sijamaliza! Suki ja arimasen! Sisi tunaanza na 'si', wenzetu kukataa wanaweka mwisho, mnyama we! Nilikuwa nasema simpendi!"

Yusufu akaduwaa, ngumi bado iko juu. Wanafunzi wakamrukia, wakamfunga kamba, wakampeleka polisi.

Kesho yake Yusufu akaazima simu ya askari, akampigia Mwasiti.

"Mwasiti wangu, nisamehe. Njoo useme Ismaili ndo alianza. Nikitoka tu, naleta posa kwenu."

"Nakupenda, Yusufu."

"Basi njoo, mama."

"Nakuja."

Akafika kituoni, mkono una hogo la plasta. Askari akashika kalamu.

"Nani alianza?"

Yusufu yuko nyuma ya nondo, anamwashiria kwa kichwa amtaje Ismaili, anatabasamu. Mwasiti machozi yakamchuruzika mpaka kidevuni.

"Alianza Yusufu," akasema. "Andika na hili: mimi ndo mchumba wake."

Yusufu akafungwa miaka miwili. We msomaji, kalamu ile ingekuwa inakungoja wewe, ungetaja jina gani?