Programu Iliyokataa Kufutika

Wizi wenyewe haukuvunja kufuli wala kuacha alama za vidole. Video za wodi ya wagonjwa mahututi zilikuwa zinatoka hospitalini kidogo kidogo, zikielekea kwenye kompyuta isiyojulikana. Watu wamelala na mipira puani, wengine wanakata roho, na kuna mtu mahali fulani amekaa anawatazama.

Mtuhumiwa alikamatwa siku ile ile wizi ulipogunduliwa. Alikuwa fundi wa seva, mama wa mtoto mchanga. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha kwamba ndiye mtu wa mwisho kuingia ndani ya seva kwa mkono wake.

"Kesi imekwisha, Bibi," alisema koplo wa makosa ya mtandao. Kituo kizima kilimwita Inspekta "Bibi", maana alikuwa na wajukuu na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Imekwisha kwa nani?" aliuliza Inspekta. "Kwa yule anayenyonyesha nyuma ya nondo?"

Alimkuta fundi ameketi sakafuni, mtoto kifuani.

"Uliingia kwenye seva?"

"Niliingia, mama. Ilikuwa nzito. Nikaangalia, nikatoka."

"Nani alikutuma?"

"Mkuu wa mitambo."

"Nani alisikia?"

"Hakuna. Tulikuwa wawili tu."

"Na yeye anasema hakukutuma."

Fundi akamwangalia mwanawe. "Wakinifunga, huyu atanijua kwa picha."

Inspekta aligusa shuka alilofunikwa mtoto. Lilikuwa jipya, laini, la kuchaguliwa.

"Hili nani kaleta?"

"Yeye Mkuu. Kaleta na maziwa ya kopo. Ana huruma yule, mama, hasa tangu afiwe na mkewe."

Inspekta alikuwa amewahi kuona wema wa kila namna, na wema ulimpendeza. Huu ulimtia wasiwasi. Mtu aliyeandika maelezo ya kukupeleka jela haendi dukani kumpapasia mwanao mashuka. Labda moyo unamsuta. Kwa lipi?

Asubuhi iliyofuata alimfuata Mkuu kwenye chumba cha seva. Baridi ilikuwa kali, taa za kijani zikikonyeza ukutani. Mkuu, mwanamume wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi, alimvutia kiti, kisha akavua koti lake akampa ajifunike.

"Asante, baba. Sasa nieleze hivi vitu kama unavyomweleza bibi yako."

Mkuu akatabasamu. "Hizi seva zote zinafanya kazi kama timu moja. Ndiyo tunaita klasta. Kila programu imefungwa kwenye kontena lake. Seva moja ikianguka, kontena linawashwa kwa jirani, na wauguzi hata hawashtuki."

"Na mtu akiingia humo akapachika la kwake?"

"Hapo ndipo nilipowaweza!" Mkuu alichangamka. "Mfumo endeshi wetu haubadilishwi. Unasomwa, hauandikwi. Ukipachika kitu kwa mkono, seva ikizimika na kuwaka, kimekwenda. Inaamka kama ilivyozaliwa. Nikitaka kubadilisha hata kidogo, najenga nakala mama upya, naitia sahihi, ndipo seva zote zinaamka nayo."

"Sahihi anatia nani?"

"Mimi tu. Ufunguo hautoki mkononi mwangu."

"Hongera. Jana umeme ulikatika, siyo?"

"Ulikatika, na jenereta ikafanya uvivu wake. Seva zote chini. Lakini ulivyorudi tu, zikaamka zenyewe, safi ka..."

Alikatiza neno.

"Koplo," Inspekta aliita bila kugeuka. "Ile programu ya wizi inafanya nini sasa hivi?"

Koplo aliinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Njia ya kutoka tumeifunga, Bibi, lakini bado inabisha hodi. Haichoki."

Mkuu alizikodolea macho taa za kijani.

"Labda fundi aliirudisha," Mkuu alisema.

"Fundi yuko mahabusu tangu juzi. Jana umeme ulipokatika alikuwa anambembeleza mwanawe kule kwetu."

"Basi ana mwenzake."

"Koplo, kuna mtu ameingia kwenye seva tangu zilipowaka?"

"Hakuna hata mmoja, Bibi."

"Sasa, baba, wewe umenifundisha mwenyewe. Kilichopachikwa kwa mkono kinafutika. Hiki hakikufutika. Seva zimezaliwa nacho." Alisema kwa sauti ile ile ya kuulizia chai. "Na mzazi wao ni mmoja."

Mkuu alikaa juu ya boksi tupu, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunjika.

"Ulikuwa unamtafuta nani kwenye hizo video?"

"Mke wangu."

"Sema, nakusikia."

"Alifia wodi ile. Daktari aliniambia walifanya yote. Sikumwamini. Nikaomba video, wakaninyima. Nikasema nitamkamata, nitamwonyesha dunia nzima alivyomwacha mke wangu afe."

"Ukaiona?"

Aliitikia kwa kichwa. "Daktari hakutoka kitandani pake. Na kuna muuguzi kamshika mkono, mkono wa pili ana simu. Anapiga. Anapiga tena. Namwona mke wangu midomo inatembea, ananiita. Na mimi nilikuwa humu humu, chini ya sakafu yao, nabadilisha nakala mama. Simu nimezima nisisumbuliwe."

Koplo aliacha kubonyeza.

"Ulishaona, baba. Mbona hukuiondoa hiyo programu?"

"Ningeishi vipi na hilo? Nikasema lazima daktari ana kosa mahali. Kama si kwa mke wangu, kwa mgonjwa mwingine. Nikaendelea kutafuta."

"Na fundi?"

"Mlipokuja mlilikuta jina lake. Nilimtuma mimi, kweli. Mliponiuliza, nikasema sikumtuma. Nilifikiri mtamwachia tu, ana mtoto."

"Nani angemwachia, na ukweli unao wewe peke yako?"

Inspekta alivua lile koti, akamfunika nalo mabegani. Kisha akamwambia koplo amfunge pingu kwa mbele, zisimuumize.

Kituoni waliingia fundi akiwa ndiyo anatolewa, mtoto begani, nywele timutimu. Inspekta alikuwa amekwisha kupiga simu. Fundi alijua yote. Askari wakapisha. Wengine walisubiri matusi, na hakuna ambaye angemlaumu.

Fundi alisimama mbele ya Mkuu. Akaziona pingu, akaiona shingo iliyoinama. Miaka yote ya kazi alikuwa ameanza siku kwa neno lile lile kwa mtu huyu.

"Shikamoo, baba," alisema.

Mkuu alifungua mdomo. Midomo ikatembea. Marahaba haikutoka.